Diski imejaa lakini faili hazionekani: namna ya kuzisaka na kuziondoa

Unafungua This PC na kukuta mstari wa diski C umegeuka mwekundu, zimebaki GB 3. Unajumlisha nyaraka, picha, video na programu zako zote, hazifiki hata nusu ya diski. Tofauti hiyo haijayeyuka. Imo ndani ya faili ambazo Windows imezificha, au folda ambazo akaunti yako haina ruhusa ya kuzisoma. Kosa la wengi ni kuanza kufuta kile kinachoonekana: picha za miaka mitatu zinaondoka, zinapatikana GB 2, na wiki inayofuata mstari ni mwekundu tena. Pima kwanza. Ukishajua gigabaiti zimekaa wapi, kuziondoa mara nyingi ni kazi ya dakika chache.

Maelezo mengi hapa ni ya Windows 10 na 11. Ya macOS na Linux yako kuelekea mwisho. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo yanavyosomeka kwenye skrini nyingi.

Hesabu isiyo wizi

Diski iliyoandikwa TB 1 kwenye boksi itasomeka GB 931 ndani ya Windows. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inagawanya kwa 1,073,741,824 na bado jibu inaliita GB. Kwa kanuni hiyohiyo diski ya GB 500 husomeka kama 465, na ya GB 256 kama 238. Zipo pia sehemu ndogo za diski zisizo na herufi, ya kuwashia na ya urejeshaji, na hizo ziache zilivyo. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, kompyuta nyingi hutenga pia takriban GB 7 kwa ajili ya masasisho. Zitoe hizo kwenye hesabu kabla ya kuanza kutafuta mchawi.

Usiitegemee sana ile mbinu ya kuingia C, kuchagua folda zote, kubofya kulia na kusoma jumla kwenye Properties. Inakosea pande mbili. Upande mmoja inapunja, kwa sababu haihesabu folda usizoruhusiwa kuingia. Upande wa pili inazidisha, kwa sababu folda ya WinSxS imejaa faili zenye majina mawili au matatu yanayoelekea kwenye data ileile, nayo Explorer huihesabu data hiyo kila inapokutana na jina. Faili za OneDrive ambazo hazijashushwa huvuruga pia: ukiziangalia kwenye Properties, mstari wa Size unaweza kusema GB 40 huku Size on disk ikisema 0. Kinachokula diski ni hiyo namba ya pili.

Kufanya visivyoonekana vionekane

Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha weka tiki Hidden items. Kwenye Windows 10 kisanduku hicho kiko moja kwa moja kwenye utepe wa View. Hapo utaanza kuona folda kama ProgramData na AppData, rangi yake ikiwa imefifia kidogo.

Hiyo ni ngazi ya kwanza tu. Windows ina faili za ngazi ya pili, zilizofichwa na pia kutiwa alama ya kuwa mali ya mfumo, na tiki ile haizifikii. Fungua Folder Options, nenda kichupo cha View, ondoa tiki kwenye Hide protected operating system files, kubali onyo. Ukirudi C utakuta pagefile.sys, hiberfil.sys, swapfile.sys, $Recycle.Bin na System Volume Information. Ukimaliza kazi rudisha tiki hiyo. Faili hizi zikikaa wazi kuna siku mtu mwingine kwenye kompyuta hiyohiyo atajaribu kuzifuta.

Kuziona hakutoshi kuzipima, maana Explorer haionyeshi ukubwa wa folda. Tumia WizTree, WinDirStat au TreeSize Free. Kwa diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa kawaida wa Windows, tunapendelea WizTree kwa sababu moja: badala ya kuzunguka folda moja baada ya nyingine, inasoma moja kwa moja jedwali kuu la faili la diski, lile liitwalo MFT. Inamaliza diski nzima ndani ya sekunde chache, na inaziona hata faili zilizo ndani ya folda zilizofungwa. Sharti uifungue kwa Run as administrator. Bila haki za msimamizi itarudi kwenye njia ya polepole na kukuonyesha kilekile ulichokwisha kukiona.

Kama hutaki kusakinisha kitu, fungua PowerShell kama msimamizi na uandike amri hii kwenye mstari mmoja:

Get-ChildItem C:\ -Recurse -Force -File -ErrorAction SilentlyContinue | Sort-Object Length -Descending | Select-Object -First 30 Length, FullName

Neno -Force ndilo linalozileta zilizofichwa. Amri hii huchukua dakika kadhaa na hutoa faili 30 kubwa kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba folda yenye faili ndogo laki mbili, kila moja KB 100, haitatokea kwenye orodha hata kama jumla yake ni GB 20.

Andika namba tatu kwenye karatasi: nafasi iliyotumika kwa mujibu wa This PC, jumla iliyotolewa na programu ya kupimia, na tofauti yake. Kama tofauti ni GB 1 au 2, mhalifu yumo kwenye orodha iliyo mbele yako. Ikiwa ni GB 30 au 80, mara nyingi jibu ni nakala za kivuli.

Nakala za kivuli ndani ya System Volume Information

Windows inapotengeneza nukta ya kurejesha mfumo, huhifadhi vipande vya diski jinsi vilivyokuwa kabla ya kubadilishwa. Vipande hivyo hukaa System Volume Information, folda ambayo hata msimamizi akiibofya huambiwa hana ruhusa. Usihangaike kuivunja kufuli. Ina mlango wake. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja ili ifunguke kwa haki za msimamizi, kisha:

vssadmin list shadowstorage

Majibu yana mistari mitatu ya namba. Used ni kiasi kilichotumika sasa, Allocated ni kilichotengwa, Maximum ni kikomo. Ukikuta Maximum inasema UNBOUNDED, umempata mwizi: kikomo kimeondolewa, mara nyingi na programu ya kuhifadhi nakala rudufu, na nakala zitaendelea kuvimba hadi diski ijae. Rudisha kikomo:

vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=8GB

Zilizozidi kikomo zinafutwa papo hapo kuanzia ya zamani zaidi. Kwa diski ya GB 256, kati ya GB 5 na 10 zinatosha kubakiza nukta chache za kurudia. Anayependa vitufe kuliko amri anaweza kuandika SystemPropertiesProtection kwenye kisanduku cha kutafutia, achague diski C, abofye Configure na kuvuta kitelezi cha Max Usage kushoto. Kuzima ulinzi wote hatushauri. Siku kiendeshi (driver) kibovu cha kadi ya picha kitakapogoma kuwasha skrini, nukta moja ya kurejesha itakuokoa saa nzima ya kazi.

Majitu matatu kwenye mzizi wa C

hiberfil.sys ndiyo rahisi kuliko zote kushughulikia. Kompyuta ikilala usingizi mzito, ile hali ya Hibernate, yaliyomo kwenye RAM huandikwa ndani ya faili hii. Ukubwa wake wa kawaida kwenye Windows 10 na 11 ni asilimia 40 ya RAM: mashine ya GB 16 inapoteza zaidi ya GB 6, ya GB 32 karibu 13. Kama hutumii Hibernate, andika kwenye cmd ya msimamizi:

powercfg /h off

Faili inatoweka mara moja, hakuna haja ya kuwasha upya. Gharama yake ni kwamba Fast startup nayo inakufa, kwa kuwa inategemea faili hiyohiyo; kwenye SSD tofauti ya muda wa kuwaka ni ndogo. Anayetaka kubaki na Fast startup aandike powercfg /h /type reduced, na faili itashuka hadi kama asilimia 20 ya RAM. Amri hiyo ikikataa, kuna mtu aliwahi kuipangia faili ukubwa wake mwenyewe. Andika kwanza powercfg /h /size 0, kisha rudia. Kwa laptopu ambayo betri yake huisha begani bila mtu kujua, iache ilivyo. Hibernate ndiyo inayookoa kazi ambayo haijahifadhiwa.

pagefile.sys ni nafasi ya akiba ya RAM. Intaneti imejaa ushauri wa kuizima kabisa, na ushauri huo ni mbaya. Bila hiyo programu kubwa hufungwa ghafla kumbukumbu inapobana, na mfumo ukianguka haubaki ushahidi wa kuchunguza chanzo. Kama una diski ya pili ya ndani, ihamishie huko: andika sysdm.cpl, Enter, kichupo cha Advanced, Settings chini ya Performance, Advanced tena, Change. Ondoa tiki ya kujiendesha, chagua diski ya pili, weka System managed size, bofya Set. Halafu chagua C, weka No paging file, Set, washa upya. Usiihamishie diski ya nje ya USB. Kama diski ni moja tu, iache Windows iipange.

swapfile.sys huwa ndogo, mara nyingi MB 16 hadi 256. Ipite.

Ndani ya folda ya Windows

Hapa ndipo watu huharibu kompyuta. Kanuni ni moja: ndani ya C:\Windows hufuti kwa mkono ila pale tulipotaja, na kwingineko kote unatumia chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Anza na Settings, System, Storage, Temporary files. Windows itachanganua na kutoa orodha yenye visanduku. Kinachotoa nafasi kubwa kwa kawaida ni Windows Update Cleanup, Previous Windows installation na Delivery Optimization Files. Cha pili ndicho folda ya Windows.old, inayobaki baada ya kupanda toleo na mara nyingi huzidi GB 15. Mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10, ila ukiifuta mapema unapoteza uwezo wa kurudi toleo la nyuma. Kabla ya kubofya Remove files, kitazame vizuri kisanduku cha Downloads. Kimewekwa katikati ya takataka kana kwamba ni takataka mojawapo, na wapo waliopoteza vyeti, risiti na kazi za shule kwa tiki moja ya haraka.

WinSxS inatisha kwa ukubwa wake, lakini sehemu kubwa ya kile unachokiona ni majina tu, kama tulivyosema. Ukubwa wake wa kweli unatolewa na amri hii:

dism /online /cleanup-image /analyzecomponentstore

Soma mstari wa Backups and Disabled Features. Hicho ndicho kiasi kinachoweza kupungua. Mstari wa mwisho ukisema usafishaji unapendekezwa, endelea:

dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup

Asilimia inaweza kuganda sehemu moja kwa dakika nyingi. Haijakwama, usifunge dirisha. Kuna nyongeza ya /resetbase inayobana zaidi, ila baada yake huwezi tena kuondoa masasisho yaliyokwisha kuingia. Kama sasisho la wiki hii lina hitilafu, utakuwa umejifungia nalo ndani.

SoftwareDistribution\Download ni ghala la masasisho yanayosubiri au yaliyokwama. Likizidi GB 5 na sasisho lenyewe haliingii, simamisha huduma, futa yaliyomo, zianzishe tena:

net stop wuauserv
net stop bits

Kisha futa kilicho ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, ukiibakiza folda yenyewe, na uandike net start bits na net start wuauserv. Masasisho yanayohitajika yatashushwa upya, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na bando la kutosha.

Kitu kinachosahaulika ni kumbukumbu za ajali za mfumo. Angalia C:\Windows\MEMORY.DMP na folda ya LiveKernelReports. Kadi ya picha yenye kiendeshi kibovu inaweza kuacha humo faili kadhaa za .dmp, kila moja gigabaiti kadhaa. Zifute bila wasiwasi, isipokuwa kama kuna fundi anayezihitaji kuchunguza tatizo, na ujue kwamba kiendeshi kisipobadilishwa zitarudi.

Folda ya C:\Windows\Installer usiiguse hata ikifika GB 20. Humo kuna vifurushi vinavyohitajika kurekebisha na kuondoa programu. Ukifuta leo hutaona madhara yoyote. Miezi sita baadaye programu fulani itakataa kusasishwa na pia itakataa kuondolewa, na hapo hutakumbuka tena kuwa chanzo ni wewe.

AppData, kapu la kila programu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %localappdata%, Enter. Kila programu kwenye kompyuta humwaga vitu humu, na ni chache zinazorudi kufagia. Panga folda kwa ukubwa ndani ya WizTree na uzisome moja moja.

Temp ndiyo salama kuliko zote. Funga programu zote, chagua vyote, futa. Zitakazokataa kwa kuwa zinatumika ziruke kwa Skip. Kashe ya kivinjari ifutwe kutoka ndani ya kivinjari chenyewe, kwa Ctrl, Shift na Delete. Ukiifuta folda nzima ya kivinjari, nywila na vialamisho vinakwenda nayo.

Packages ni makao ya programu zilizotoka Microsoft Store. Programu za mazungumzo zilizosakinishwa kwa njia hiyo huhifadhi humu kila video iliyotumwa kwenye kila kundi, na GB 30 si jambo la ajabu. Ingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe, uzime kupakua kiotomatiki, ufute midia kutokea humo. Usiifute folda kwa mkono, utapoteza na mazungumzo.

Kama umewahi kuunganisha iPhone, tazama nakala rudufu za iTunes. Ziko %appdata%\Apple Computer\MobileSync\Backup, au %userprofile%\Apple\MobileSync\Backup kama iTunes ilitoka Store. Nakala moja inaweza kuwa kubwa kama simu yenyewe, na za simu uliyokwisha kuiuza bado zimo. Wahariri wa video watazame %appdata%\Adobe\Common\Media Cache Files. Watumiaji wa Outlook wakikuta faili ya .ost ya GB 40 wapunguze muda wa barua zinazohifadhiwa kwenye kompyuta, kupitia mipangilio ya akaunti.

Watengenezaji wa programu wana jini lao: ext4.vhdx, diski ya Linux ndani ya Windows inayotumiwa na WSL na matoleo ya zamani ya Docker. Hukua kila unapoongeza kitu na haipungui unapofuta. Ukifuta GB 50 ndani ya Linux, nje faili inabaki vilevile. Futa kwanza usichohitaji ndani, uifunge kwa wsl --shutdown, kisha fungua diskpart kama msimamizi na uandike mstari mmoja mmoja, ukiweka njia kamili ya faili yako:

select vdisk file="njia\ext4.vhdx"
attach vdisk readonly
compact vdisk
detach vdisk

Mapipa ya taka ya watu wengine

Kila diski ina $Recycle.Bin yake, na ndani yake kila akaunti ina folda yake yenye jina refu linaloanzia S-1-5. Ukimwaga pipa lako, la mwenzako kwenye kompyuta hiyohiyo halimwagiki, na la akaunti iliyofutwa zamani linaweza kubaki milele. WizTree itakuonyesha. Kuyamwaga yote ya diski C kwa mpigo mmoja, tumia cmd ya msimamizi:

rd /s /q C:\$Recycle.Bin

Windows itaitengeneza folda upya. Amri hii iandikwe kwenye cmd, kwani PowerShell huichukulia alama ya $ kuwa mwanzo wa jina la kigeugeu (variable). Na kumbuka pipa la mwenzako si lako, muulize kwanza.

Kwenye diski ya nje au flashi hali inaweza kuwa tofauti kabisa: nafasi imejaa, faili hazionekani, na mahali pake kuna njia za mkato zenye majina ya folda zako. Hiyo ni kazi ya kirusi. Data yako ipo, imefichwa tu. Piga skani kwanza kwa programu ya kinga, ndipo urudishe faili, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -r -s -h /s /d E:\*.*

Ukianza na attrib kabla ya skani, kirusi kitazificha tena ndani ya dakika.

Ikiwa hesabu bado haikubali

Umepima kwa haki za msimamizi, nakala za kivuli ni ndogo, na bado GB 15 hazina mwenyewe. Shuku mfumo wa faili. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, vipande vya diski hubaki vimetiwa alama kuwa vinatumika ilhali hakuna faili inayovidai. Endesha chkdsk C: /scan, na ikigundua hitilafu, chkdsk C: /f, ukubali ifanye kazi wakati wa kuwasha. Mabaki iliyoyaokoa huwekwa kwenye folda iliyofichwa ya found.000 yenye faili za .chk. Kama hakuna unachotafuta kilichopotea, ifute.

Programu za kusafisha zinazoahidi miujiza kwa kitufe kimoja hazifiki hata robo ya sehemu tulizopitia. Kusafisha rejista, jambo zinalojivunia zaidi, hakurudishi nafasi ya maana. Rejista nzima ni megabaiti mia chache. Achana nazo.

macOS

Ndani ya Finder bonyeza Command, Shift na kitufe cha nukta. Zilizofichwa zinajitokeza, ukirudia zinajificha. Kile kinachoitwa System Data kwenye orodha ya hifadhi mara nyingi ni picha za muda (snapshots) za Time Machine, mfumo wa nakala rudufu wa Mac. Ziorodheshe kwenye Terminal kwa tmutil listlocalsnapshots / na uifute mojawapo kwa tmutil deletelocalsnapshots ikifuatiwa na tarehe kama ilivyoandikwa kwenye jina lake. Zikiachwa, mfumo huzifuta wenyewe nafasi inapobana, lakini si mara zote kwa kasi unayoihitaji. Baada ya hapo tazama ~/Library/Caches, ~/Library/Application Support/MobileSync/Backup, na kwa anayetumia Xcode, ~/Library/Developer/Xcode/DerivedData, ambayo inafutika yote bila madhara zaidi ya kusubiri ujenzi wa kwanza. Kama du, amri ya kupima ukubwa wa folda, inakataliwa kusoma folda, ipe Terminal ruhusa ya Full Disk Access kwenye mipangilio ya faragha.

Linux

Anza na sudo du -xhd1 / | sort -h na uteremke folda kwa folda. -x inaizuia isivuke kwenda diski nyingine. Tofauti kubwa kati ya df, amri inayoonyesha nafasi ya diski nzima, na du kwa kawaida inamaanisha faili iliyofutwa huku programu bado imeishikilia. Jina limeondoka lakini nafasi haijaachiwa. sudo lsof +L1 itamtaja mshikaji. Anzisha upya huduma hiyo na nafasi inarudi. Logi za systemd hupimwa kwa journalctl --disk-usage na kupunguzwa kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M. Kwenye Debian na Ubuntu, sudo apt clean hufuta vifurushi vilivyoshushwa. Diski ikisema imejaa huku df inaonyesha nafasi, andika df -i: huenda zilizokwisha ni inode, yaani nafasi za kusajili faili, jambo linaloletwa na mamilioni ya faili ndogondogo. Na ext4, mpangilio wa faili wa Linux nyingi, humtengea root (msimamizi mkuu) asilimia 5. Kwenye diski ya data tupu, isiyo na mfumo, unaweza kuishusha hadi 1 kwa sudo tune2fs -m 1 ikifuatiwa na jina la sehemu ya diski.

Inapojaa tena baada ya siku mbili

Kufuta tena hakusaidii. Kuna kitu kinaandika. Kwenye Windows fungua resmon, kichupo cha Disk, panua Disk Activity na upange kwa safu ya Write. Iache dakika kumi. Utaona jina la programu na njia ya faili inayoandikwa.

Wahusika wa mara kwa mara wanajulikana. Kazi ya kuchapa iliyokwama huacha faili kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Simamisha huduma kwa net stop spooler, futa yaliyomo, net start spooler. Kwenye Windows 7 na mashine nyingine za zamani kuna kisa cha CBS.log ndani ya C:\Windows\Logs\CBS: logi hii ikizidi GB 2, chombo cha kuikandamiza hushindwa, huacha faili nusunusu yenye jina linaloanza na cab_ ndani ya C:\Windows\Temp, kisha hujaribu tena, huacha nyingine, na kuendelea hivyo hadi diski inafurika. Kuzifuta cab_ peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Simamisha huduma ya Windows Modules Installer, futa logi kubwa za folda ya CBS, ndipo ufute cab_ zote.

Kama resmon haikuonyesha kitu, mwandishi huenda anafanya kazi kwa saa maalumu, usiku au wakati wa kuwasha. Toa orodha ya WizTree kwenye faili ya CSV leo, utoe nyingine baada ya siku mbili, uzifungue zote kwenye programu ya majedwali na utoe ukubwa wa kwanza kwenye wa pili kwa kila folda. Folda iliyoongezeka itajitaja.